Maranda Yaliyolowa

Jumatatu, 10 Machi

Mzee Aliakbar ameniita ofisini asubuhi, na nilipompa shikamoo alikuwa hajamaliza hata kuitikia, ameshaanza kuongea. Anataka namba moja. Faida ya mwaka ya ule mtambo anaotaka kutuuzia Godlisten, basi. Jinsi nitakavyoipata haimhusu.

Naandika haya kwa sababu nyumbani nimeshachoka kuyasema. Mwaka wa kwanza huu nipo kwenye kampuni yake ya mbao na vifaa vya ujenzi hapa Keko, kama mchambuzi wa miradi, na mpaka sasa nilikuwa nachambua vitu vidogo: lori la kukodi au la kununua, paa la bati au la nini. Sasa umekuja mtambo. Unakula maranda na vumbi la mbao, unayachoma bila moto kuwaka, inatoka gesi, gesi inaendesha jenereta. Mzee anataka uendeshe kiwanda chake cha kupasua mbao na umeme utakaobaki awauzie mafundi wa fanicha barabara nzima. Kuununua ataweka rehani ghala. Ghala ndiyo kampuni. Likienda, tumekwenda wote.

Nimemwambia nitajitahidi. Sikupenda sauti niliyoisemea.

Jumatano, 12 Machi

Joto. Hakuna kilichofanya kazi ila mafeni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetembea Keko tangu asubuhi kuuliza habari za maranda. Kwenye makaratasi ya Godlisten maranda ni taka, na taka ni bure, tena anasema mafundi watatushukuru kwa kuwaondolea. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alinicheka. Maranda yake yana mwenyewe. Wa pili hivyohivyo. Wote wakanielekeza kwa Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu ni mama mtu mzima, amefunga khanga kiunoni, anakaa juu ya magunia yake kando ya mtaro. Yeye ndiye anayenunua maranda ya barabara ile na kuwauzia wafuga kuku wa Mbagala na Chamazi. Nilimwamkia vizuri, nikajieleza mimi ni nani na natoka wapi. Akanitazama kuanzia viatu.

"Unataka kujua bei ili iweje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kuna mtu anataka kununua mtambo unaotumia maranda. Akasema huyo mtu aje mwenyewe, akageuka kuongea na mteja. Sikupata bei kwake. Niliipata kwa mfuga kuku mmoja aliyekuwa anapakia magunia, na sina hakika kama ni bei ya kweli au ya kulalamikia.

Jumanne, 18 Machi

Nimeketi na mahesabu siku nzima. Nikiweka maranda ya bure na mgao wa umeme kama ule uliotutesa, mtambo unalipa vizuri mno, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuununua. Nikiweka bei ya yule mfuga kuku, unalipa kwa kuchechemea. Nikiweka bei hiyo na umeme wa kawaida usiokatika, tunaanza kutafuna ghala.

Sijui mgao utarudi au la. Watu wanasema hautarudi, na watu haohao walisema hautakuja. Sijui Bi Mwajabu atapandisha bei kiasi gani akijua tunamhitaji. Kuna maneno pia kwamba barabara itapanuliwa na mafundi watahamishwa, na hapo hatutakuwa na wa kumuuzia umeme. Kila mmoja ninayemuuliza anajibu kwa uhakika na majibu hayafanani.

Ijumaa, 21 Machi

Godlisten amekuja. Ni injinia, kijana mtanashati, tai imekazwa shingoni joto lote hili. Nilimwonyesha suala la maranda nikitegemea ataona haya. Hakuona. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba anayesubiri uhakika hatanunua chochote maisha yake, na kwamba mzee alianza biashara hii bila kuwa na uhakika wa lolote. Akaongeza kwamba punguzo la bei linaisha mwisho wa Aprili.

Alipoondoka nilimwita mwizi, kimoyomoyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Kwanza vumbi lilinukia vizuri, baadaye ikawa matope tu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zohra, binti yake Mzee anayesimamia hesabu za kampuni, ametuletea biriani na halua mwenyewe hapa Tandika. Tumekaa kibarazani, mume wangu Brightson akala sahani mbili.

Nilimuuliza Zohra kwa nini baba yake ameung'ang'ania huu mtambo. Akaweka sahani chini. Kisha akanieleza kwamba wakati wa ule mgao mkali misumeno ilisimama wiki baada ya wiki, na Mzee akalazimika kuachisha watu. Wengine aliwaajiri wakiwa vijana, wamezeekea palepale. Siku aliyowaambia alirudi nyumbani akakaa kwenye gari getini, hakushuka mpaka mama yao alipomfuata. "Tangu siku hiyo," akasema, "umeme ukikatika hata dakika moja, anabadilika rangi."

Sikuwa nalijua hilo. Nilidhani ni mtu wa tamaa anayependa mashine mpya.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepeleka taarifa. Nimeandika hali nne zinazoweza kutokea na kila moja inatupeleka wapi, na pendekezo langu mwishoni: tusinunue mtambo mkubwa sasa. Kampuni ya Godlisten ina mtambo mdogo wa maonyesho. Uletwe Keko, ufanye kazi masika hii yote, kwa maranda ya Keko yaliyonyeshewa, ndipo tuamue. Kusubiri miezi mitatu kutatugharimu punguzo, lakini tutakuwa tumenunua kitu cha thamani zaidi, kujua.

Mzee alifunua ukurasa wa kwanza, akainua macho.

"Namba iko wapi?"

Nikamwambia zipo nne, na sababu zake. Akasukuma taarifa upande wangu wa meza.

"Sikukuajiri uje kuniambia hujui, Atu."

"Uliniajiri nikwambie ninachokijua, Mzee. Hili silijui, na Godlisten pia halijui. Tofauti ni kwamba mie nimeandika."

Akafungua faili jingine. Nilitoka, na jambo la ajabu, nilisikia njaa. Nimekula chipsi mayai peke yangu, sahani nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji yameingia uani mpaka kizingitini. Pale kazini wananisalimia kwa kidevu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepita kwenye marundo ya maranda nje ya karakana. Nilichota konzi moja, nikakamua, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimemuuliza Godlisten kwa simu mtambo wake unataka maranda makavu kiasi gani. Akasema makavu. Nikamuuliza hapo Keko mwezi huu yatatoka wapi. Akasema kuna ufumbuzi. Nikamwomba anitajie mmoja, akasema atanipigia.

Hajapiga. Mzee amesema watu wa benki wanakuja Jumanne, na mimi niwepo.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumegombana na Brightson. Yeye ni karani kwa wakala wa forodha Kurasini, na kazi ikipungua kule mshahara unachelewa, kwa hiyo mwezi huu tunategemea wangu. Anasema hakuna anayeniomba niibe. Nikae kimya tu kwenye hicho kikao, ghala si langu, mtambo si wangu, mwenye mali ameamua.

Nikamwambia wataniuliza.

"Wakikuuliza, sema unaonekana mzuri."

Nikamwambia hauonekani mzuri wala mbaya, hauonekani kabisa, ndiyo hoja yangu. Akachukua mto akaenda kulala sebuleni. Anaweza kuwa na haki kuhusu kodi ya nyumba. Kuhusu mimi kunyamaza, hana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefika nyumbani nimelowa hadi ndani na sijabadilisha nguo. Nataka niandike ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kunisimulia wao.

Watu wa benki walikuwa wawili, mwanamke mmoja na mwanamume. Godlisten alieleza vizuri, lazima nikiri. Alionyesha picha za mtambo, akaeleza mgao, akaeleza bei ya dizeli. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi apaze sauti. Kila aliposema neno mgao nilikuwa namtazama Mzee, na kweli, uso wake ulikuwa unabadilika.

Kisha yule mama wa benki akauliza nani amethibitisha makadirio ya faida. Godlisten akasema mchambuzi wa ndani wa kampuni ameyapitia na kukubaliana nayo. Akanionyesha kwa mkono. Mzee akaitikia kwa kichwa. Zohra akaangalia meza.

Nilimsubiri Mzee aseme neno. Nilimpa nafasi hiyo, naandika hapa ili nisije nikajisahau: nilimpa nafasi. Akanigeukia, akasema taratibu, "Atu, waambie wageni."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, wengine wote walikuwa wameketi.

"Sijakubaliana nayo," nikasema. "Makadirio yale yanachukulia maranda ni bure, makavu, na yapo mwaka mzima. Hapo nje yananunuliwa, na leo yamelowa. Inawezekana mtambo ukalipa sana. Inawezekana ukachukua ghala. Sijui kipi, na hakuna aliyemo humu anayejua. Nimependekeza tuujaribu mdogo kwanza."

Mvua ikajaza chumba. Yule mama wa benki akaandika kitu. Mwenzake akamuuliza Godlisten kama kuna jaribio lolote lililofanyika hapa Keko, naye akasema lilifanyika Morogoro. Msimu gani? Akasema kiangazi. Godlisten hakudanganya hapo. Angeweza.

Walisema watasubiri maelezo zaidi. Walipoondoka, Mzee alikaa muda mrefu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilidhani atanifokea. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Umenivua nguo mbele ya wageni," akaingia chumba cha ndani.

Hilo limeniuma kuliko kufokewa. Nimetembea kutoka Keko mpaka Tandika kwenye mvua. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yangu nikitafuta la kulifuta, na sikulipata.

Jumatano, 16 Aprili

Zohra amepiga simu. Nipumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nikiandika kwamba nilipitiwa, kwamba nilizielewa vibaya takwimu, naweza kurudi hata kesho. Alikuwa anaongea kama mtu anayesomewa kando.

Sikuandika kitu.

Alhamisi, 17 Aprili

Sikuandika kitu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani bati lilivuja mpaka kwaya ikahama upande. Mama amepiga kutoka Tukuyu kuuliza kama kazini ni salama, maana ameniota. Nikamwambia nipo likizo.

Jumatano, 23 Aprili

Leo Godlisten amekuja nyumbani. Alisimama mlangoni bila tai, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, kwa sababu mtaa wetu ulikuwa mto. Nilitaka kumfungia mlango. Nikampa kitambaa ajifute miguu.

Hakuja kunibembeleza. Alikunywa chai, akasema ameambiwa na wakubwa zake kwamba asipouza mtambo mwezi huu asirudi ofisini. Akasema anauamini ule mtambo. Alisema hivyo akitazama ndani ya kikombe, na nikaona ni kweli, anauamini kama watu wanavyowaamini watoto wao. Nilikuwa nimemwita mwizi. Si mwizi. Ni mtu aliyeupenda mtambo wake mpaka akaacha kuuuliza maswali.

"Ungetaka nini ili uyasaini makadirio?" akaniuliza.

"Ulete ule mdogo. Sasa hivi, na mvua hii."

"Ukinizimikia hapo Keko, nimekwisha."

"Na ukizima mkubwa baada ya ghala kuwekwa rehani, nani atakuwa amekwisha?"

Alimalizia chai yake. Kisha akavaa viatu, akaingia navyo majini.

Jumanne, 29 Aprili

Zohra ananiambia Godlisten ameleta mtambo mdogo. Ameupakia kwenye kirikuu, kipikapu cha kukodi, bila ruhusa ya mtu kwao. Umewashwa uani, ukawasha taa za karakana na randa moja. Mzee alipiga makofi.

Ijumaa, 2 Mei

Zohra anasema mtambo umezima tangu juzi. Maranda yaliyolowa yanatoa lami nyeusi inayoziba mabomba. Godlisten yupo chini yake kwa ovaroli, anafungua, anasafisha, anafunga, unawaka, unakohoa, unazima. Mafundi wanamletea chai. Punguzo lilikwisha juzi hiyohiyo na Mzee hakusaini. Pia hajaniita.

Brightson amerudi kulala chumbani, bila kusema kitu.

Jumapili, 4 Mei

Tumetoka kanisani, nipo jikoni, nikasikia Brightson akisema shikamoo kwa sauti ambayo huitumia kwa wakubwa tu. Mzee Aliakbar alikuwa amesimama mlangoni anavua viatu, Zohra nyuma yake na mwavuli. Hajawahi kufika kwangu. Brightson akakimbia kwa jirani kuazima viti.

Mzee hakuanza na yaliyopita. Alisema, nieleze tena, kutoka mwanzo, polepole. Basi nikaeleza. Nilimweleza kila hali kama habari ya mtu: mwaka ambao mgao unarudi na maranda yapo, huyu ni Aliakbar tajiri, mwaka ambao umeme hautikisiki na Bi Mwajabu amepandisha bei, huyu ni Aliakbar anayefukuzwa ghalani kwake. Akauliza maswali ya mfanyabiashara, makali. Tukalumbana juu ya bei ya dizeli na nikagundua nilikosea pale, niliiweka chini mno. Nikamwambia nimekosea. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemlipa.

Brightson naye akaingia, akauliza kama mtambo mkubwa ukinunuliwa halafu usifae, unaweza kuuzwa tena. Mzee akasema nani atanunua.

"Na mgao ukirudi mwaka huu?" Mzee akaniuliza. "Misumeno ikisimama, nikiwa nimekusikiliza wewe?"

Nilijua anayaona macho ya watu gani.

"Utakuwa na haki ya kunilaumu, Mzee, na nitakuwepo unilaumu. Lakini ghala utakuwa nalo, na utaweza kuwarudisha watu. Likishachukuliwa huwezi kumrudisha mtu popote."

Akanywa chai. Kisha akasema nirudi kazini, ila kwanza nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya benki.

"Heshima yako nitakupa kila siku," nikasema. "Radhi kwa nilichosema siwezi. Na nikirudi, Mzee, jina langu lisitajwe kwa neno ambalo sikulisema."

"Unanipa masharti?"

"Ndiyo, Mzee. Hapa ni kwangu."

Zohra akafunika mdomo kwa mtandio. Mzee alinitazama muda, kisha akamtazama Brightson, ambaye alikuwa amesimama na birika mkononi, hajui amimine au asimimine. "Na wewe unaishi naye huyu?" akamuuliza.

"Naishi naye," Brightson akasema. Akamimina.

Wakati wa kuvaa viatu Mzee alisema kesho nisichelewe.

Jumatatu, 12 Mei

Umeme umekatika tangu jana, nguzo zimeanguka na mvua. Misumeno kimya. Kila mtu ananitazama, Mzee kuliko wote. Nimeliingiza hili kwenye mahesabu. Silifichi eti kwa sababu haliniungi mkono.

Jumanne, 13 Mei

Umerudi saa tisa.

Jumatatu, 19 Mei

Godlisten amefukuzwa kwao. Mzee amemchukua, amenunua na ule mtambo mdogo kwa bei ya kitu kilichotumika, bila rehani. Wamejenga banda la kukaushia maranda kwa mabati ya zamani. Bado unakohoa, ila hauzimi.

Jumamosi, 24 Mei

Maranda ya uani yamekwisha, kwa hiyo leo Mzee amekwenda mwenyewe kwa Bi Mwajabu. Tulimfuata mimi na Godlisten. Mzee alivaa koti. Bi Mwajabu akamkaribisha aketi juu ya gunia, naye akaketi.

Bi Mwajabu akataja bei. Ilikuwa juu ya ile ya mfuga kuku, juu ya yangu, juu ya zote nilizowahi kuziandika. Mzee akacheka, akajaribu kila anachokijua, na anavijua vingi. Alisifu maranda, akayakosoa, akasimama kuondoka, akarudi. Bi Mwajabu alimsubiri amalize.

"Nyie mlisema maranda yangu ni taka," akasema. "Wenye kuku hawajaniambiaga hivyo hata siku moja."

Hakupunguza. Mzee akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyepanga, nikanyanyua mabega. Akalipa mzigo mmoja wa kirikuu.

Tulikuwa tunashusha uani mvua ikarudi ghafla, ile nene, na banda lilikuwa limejaa. Magunia yote mapya yalikuwa nje. Godlisten akavuta turubai, mimi nikashika ncha yangu, Mzee akatupa koti akashika yake, upepo ukalipiga upande wa nne likawa linapaa. Bi Mwajabu alikuwa amekuja kuhakikisha magunia yake matupu yanarudi. Hela alikuwa ameshaishika, angeweza kujikinga chini ya baraza akatuangalia tunavyolowa. Akaingia mvuani, akaidaka ile ncha, akaikalia.

Tulikaa hivyo wanne mpaka ikapita, tukipiga kelele za kuelekezana na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Jumatatu naweka bei yake kwenye mahesabu. Kwa bei hiyo mtambo mkubwa haulipi hata mgao ukirudi, na huu mdogo utaishi kwa tabu. Nimeshamwambia Mzee hataipenda taarifa. Amesema niandike.